Kamera, satelite na vidole kumi: namna serikali inasoma picha, na haki ya mkaaji

Kuanzia meza ya kuandikisha wapiga kura mpaka kilele cha Nyiragongo, ofisi za serikali zinatumia mashine zenye kusoma picha. Zinasaidia kuhesabu watu, kutafuta ugonjwa na kuonya juu ya hatari. Lakini zinakosea pia, na kosa lake linaangukia mtu mwenye jina na familia. Haya ndiyo mambo ya kujua.

Tarehe 16 Februari 2023, kazi ya kuandikisha wapiga kura ilifunguliwa katika majimbo ya mashariki: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema, Tshopo, Uele ya Juu na Uele ya Chini. Mtu alipofika mbele ya meza alitaja jina lake, akaweka vidole ku kioo kidogo, akatazama kamera, kiisha akatoka na kadi yake. Miezi michache mbele, wengi walitoa ile kadi mfukoni wakakuta jina limefifia na sura imebaki kivuli tu. Tume ya uchaguzi, CENI, ililazimika kutoa duplikata mbele ya kura ya tarehe 20 Desemba 2023. Katika inchi ambako kadi ya mpiga kura inachukua nafasi ya kadi ya uraia, kadi iliyofutika si jambo dogo: njiani, ku banki, ku ofisi, ndiyo inaulizwa kwanza.

Wino ulifutika, lakini picha yenyewe haikufutika. Ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya kompyuta, ile wengi wanaita ordinatere, na kutoka pale ikapelekwa Kinshasa pamoja na vidole kumi vya mwenyewe. Kadi iliyo mkononi inaweza kuharibika. Sura iliyo ndani ya mashine inabaki. Ndiyo sababu kuna maswali ambayo kila mkaaji ana haki ya kuuliza: ile picha inasomwa namna gani? Nani anaisoma? Na mashine ikikosea, mtu anagonga mlango gani?

Mashine inasoma picha namna gani?

Kwa kompyuta, picha si sura. Ni nukta ndogo ndogo nyingi, zinaitwa pikseli, na kila nukta ni namba inayosema rangi na mwangaza wake. Programu inatafuta mpango ndani ya zile namba: mistari, pembe, vivuli, umbali kati ya jicho na jicho.

Mtu anaweza kufikiri juu ya kambiste wa sokoni, Butembo ao Bukavu. Anapokea noti ya dola, anaigeuza, anapitisha kidole, na kwa sekunde moja anasema: hii ni ya bandia. Hakuzaliwa anajua. Ameshika noti elfu na elfu, macho yamezoea. Programu ya kusoma picha inafundishwa vile vile: wanaipatia picha maelfu, kila moja imeandikwa ni nini, mpaka inazoea.

Lakini kambiste aliyezoea dola peke yake, mtu akimletea noti ya inchi asiyoijua, anaweza kukataa noti nzuri ao kupokea mbaya. Mashine iko vile vile. Inajua kile ilichofundishwa. Tena kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: mara nyingi mashine haisemi ndiyo ao hapana. Inatoa namba. Inasema, kwa mfano, picha hizi mbili zinafanana kwa kiasi hiki. Ni watu ndio wanaamua kuanzia namba gani wataita kufanana. Wakiweka kizingiti chini sana, wasio na kosa wananaswa. Wakikiweka juu sana, wanaotafutwa wanapita.

Kazi zenyewe ni za namna nne: kulinganisha picha mbili, kutafuta kitu ndani ya picha, kuona kilichobadilika kati ya jana na leo, na kufuata mtu ao gari kwa video. Ofisi za serikali zinazitumia zote.

Vidole kumi na orodha ya wapiga kura

Kulinganisha ndiyo kazi wakaaji wa mashariki wanaijua zaidi. Mashine ya CENI inapiga picha ya kila kidole. Programu haiangalii kidole kizima sawa jicho la mtu. Inatafuta pale mistari ya ngozi inaishia na pale inagawanyika sawa njia panda. Zile alama zinageuzwa kuwa namba, na namba zinalinganishwa na za watu wengine wote wenye waliandikishwa. Mtu akijiandikisha mara mbili, mara ya kwanza Uvira na mara ya pili Fizi kwa jina lingine, vidole vinamtoa hata kama jina limemficha.

Faida yake ilionekana mwaka 2018. Katika kusafisha orodha, CENI ilitangaza kwamba imeondoa zaidi ya majina milioni 5 yaliyojirudia, pamoja na karibu watoto 900,000 walioandikishwa bila kufikisha miaka 18. Kutoka watu zaidi ya milioni 46, walibaki karibu milioni 40. Hakuna kundi la watu ambalo lingeweza kufanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu mbele ya siku ya kura.

Lakini mwaka ule ule ulionyesha upande wa pili. Shirika la kimataifa la inchi zinazosema Kifaransa, OIF, lilichunguza ile orodha na likakuta kwamba asilimia 16.6 ya wapiga kura, watu zaidi ya milioni 6, hawakuwa na alama za vidole ndani ya mashine. Jambo hilo lilileta mabishano makali: wengine waliwaita wapiga kura hewa, CENI ikasema ni watu wa kweli. Fundisho ni rahisi kulielewa. Mashine ya kulinganisha vidole haiwezi kulinganisha kidole ambacho hakikuchukuliwa. Kama mtumishi amechoka, kama betri imeisha, kama kioo kimejaa vumbi, hesabu nzima inalegea, hata programu iwe nzuri namna gani.

Kuna pia sababu inayotoka katika maisha yenyewe. Mwenye kulima kwa jembe, mwenye kuponda mawe, mchimbaji wa madini, mama anayefua nguo kila siku, mzee wa miaka mingi: vidole vyao vinakwisha, mistari inalainika. Mtu wa namna hiyo anaweza kurudishwa mara tatu ku kioo, na walio nyuma ya foleni wakaanza kufikiri kwamba ana jambo la kuficha. Hana. Ni kazi imekula vidole vyake. Ndiyo maana mpango mzuri unachukua pia picha ya sura, na unaacha njia ya mtu kutambuliwa kwa mashahidi.

Mwaka 2023 orodha ilifika karibu watu milioni 44. Lakini wakaaji wengi wa wilaya za Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura, juu ya vita. Mashine inafika tu pale barabara na usalama vinafika.

Kuhesabu nyumba kutoka juu

Sensa ya mwisho ya watu katika Kongo ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu. Tangu pale, vita, kukimbia, kuzaliwa na kufa vimegeuza kila kitu, lakini serikali bado inapaswa kujua ni watoto wangapi wanangoja chanjo katika kila eneo la afya.

Hapo picha za satelite zimeingia. Programu inapitia picha iliyopigwa kutoka angani na kutafuta paa: mabati yanang'aa kwa namna moja, majani kwa namna ingine. Inachora kila jengo. Kiisha watu wa chini wanatumwa ku sehemu chache kuhesabu ni watu wangapi wanalala katika nyumba moja. Kwa kuunganisha hesabu mbili hizo, wataalamu wanakadiria idadi ya wakaaji hata mahali ambapo hakuna aliyefika kuhesabu. Kazi ya namna hiyo ilifanyika kwa majimbo matano ya magharibi, yaani Kinshasa, Kongo ya Kati, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022. Mpango unaoitwa GRID3 umesaidia pia kuchora ramani za maeneo ya afya, ili timu za chanjo zisipite kijiji wala zisirudie kilekile mara mbili.

Umuhimu wake ni wa wazi. Kijiji kisichokuwa ku ramani hakipelekewi dozi. Timu inapita na friji yake barabara kubwa, na watoto walio nyuma ya mlima wanabaki. Surua haiulizi kama kijiji kiko ku ramani.

Lakini picha ya juu ina mipaka yake, na mashariki inaonekana wazi kuliko pengine. Nyumba iliyo chini ya miti mikubwa, sawa katika msitu wa Ituri ao Walikale, inaweza kukosekana. Kijiji kilichochomwa mwezi uliopita bado kinaonekana kizima ku picha ya mwaka jana. Nyumba zimesimama lakini wenye wamekimbia. Na upande mwingine, kambi ya wakimbizi wa ndani inaota kwa wiki mbili: turubai juu ya turubai, familia mbili ndani ya hema moja. Satelite inaona paa. Haioni waliolala chini yake.

Ndiyo maana RECO, wale watu wa kujitolea wa afya katika kata, pamoja na wakubwa wa nyumba kumi, hawajapitwa na wakati. Wao wanajua kwamba nyumba ya bati nyekundu iko tupu tangu mwezi wa tatu, na kwamba ile ya miti karibu na mto ina watoto tisa. Ramani nzuri ni ile inayorudishwa kwao kusahihishwa mbele ya dozi kutoka ku bohari.

Picha ya kifua

Kazi ya kutafuta kitu ndani ya picha iko pia ku hospitali. Kongo ni kati ya inchi 30 zenye kubeba mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Picha ya radio ya kifua inaweza kuonyesha dalili mapema, lakini madaktari wenye kusoma radio ni wachache, na wengi wako ku miji mikubwa.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma radio ya kifua katika kupima watu wengi, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Programu inatazama mapafu na kutoa alama: kadiri alama inapanda, ndivyo inafaa mtu apimwe zaidi. Kwa mtambo wa kubebeka, kazi hiyo inaweza kufanyika hata ku machimbo ya madini ao ndani ya gereza, pale kifua kikuu kinapenda kukaa.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, ile alama si ugonjwa. Mtu mwenye alama ya juu anapaswa kupimwa makohozi, kwa sababu mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka kumi anaweza kuwa na mapafu yenye makovu bila kuwa na kifua kikuu. La pili, kwa watoto wa chini ya miaka 15 OMS haikutoa ruhusa hiyo. Mzazi akiambiwa kwamba mashine peke yake imesema mtoto wake ni mgonjwa, ana haki ya kudai mganga atazame.

Nyiragongo: kuona udongo ukitembea

Tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka mpaka Buhene, ku mlango wa Goma. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliungua. Matetemeko hayakutulia, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 za mji zihame. Karibu watu 400,000 walichukua njia ya Sake, ya Rutshuru, ya ziwa kuelekea Bukavu, na ya Rwanda.

Ile amri ilitoka wapi? Moja ya vitu vilivyotazamwa ni picha za radari kutoka satelite. Radari haihitaji jua. Inapita ndani ya mawingu na inaona usiku. Satelite ikipita juu ya mahali pamoja mara mbili, kwa siku mbalimbali, kompyuta inaweka picha moja juu ya ingine na kupima kama udongo umepanda, umeshuka ao umesogea, hata kwa sentimita chache. Picha za siku zile, pamoja na vipimo vya matetemeko, zilionyesha kwamba magma ilikuwa imesukuma njia yake chini ya mji wa Goma na kuelekea chini ya ziwa Kivu. Nyufa zilizoonekana ku barabara za mji zilisema jambo lile lile.

Mlipuko wa pili haukuja. Watu wengine walikasirika: walilala njiani, watoto walipotea, na kumbe hakuna kilichotoka. Lakini picha haikusema kwamba moto utatoka saa fulani. Ilisema kwamba magma iko chini ya nyumba za watu. Kutoka pale mpaka amri ya kuhama ni uamuzi wa watu, ambao walipaswa kupima hatari ya kuhamisha na hatari ya kuacha.

Tena ni lazima kukumbuka kwamba mlipuko wenyewe wa tarehe 22 uliwashangaza hata wataalamu. Wafanyakazi wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, walisema wazi kwamba kwa miezi kadhaa mbele yake walikosa pesa, hata ya intaneti ya kupokea habari za mitambo ya mlimani. Mtambo unaoona, bila pesa ya kuulipia intaneti, ni sawa mlinzi aliyefungwa macho.

Kamera za barabarani

Kinshasa, tangu mwaka 2013, maroboti makubwa ya aluminiamu yalisimamishwa ku makutano ya barabara kuongoza magari. Yalitengenezwa na wanawake wainjinia wa Kongo chini ya Thérèse Izay Kirongozi. Yaligeuka, yaliinua mkono, yalitumia jua, na yalikuwa na kamera zilizorekodi magari yalivyopita. Watu walicheka, kiisha wakazoea. Roboti haiombi franka kwa dereva, wengine walisema.

Inchi za jirani, ambako wafanyabiashara wa Butembo, Bunia na Goma wanapita kila wiki, zimekwenda mbali zaidi. Kenya ilisaini mwaka 2014 mpango na kampuni ya Safaricom wa kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Uganda ilinunua kwa Huawei kamera za dola milioni 126, zikiwa na uwezo wa kutambua sura. Baada ya maandamano ya Novemba 2020 Kampala, polisi yenyewe ilisema kwamba ilitumia zile kamera kutafuta watu na kuwakamata. Hapo ndipo mabishano yalizaliwa: kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya wezi na wauaji inaweza kumtafuta hata aliyesimama tu katika mkutano wa siasa.

Kuhusu kutambua sura, kuna jambo ambalo linagusa Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za makampuni makubwa zenye kutazama sura na kusema kama ni mwanamume ao mwanamke. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, programu ilikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, moja ya programu ilikosea mpaka asilimia 34.7. Sababu ni ile ya kambiste: programu zilifundishwa kwa picha nyingi za Wazungu na chache za watu weusi.

Kosa la namna hiyo limekwisha kufikisha watu kifungoni. Januari 2020, huko Detroit, Marekani, mwanamume mmoja mweusi alikamatwa mbele ya familia yake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Programu ilikuwa imelinganisha sura yake na video mbaya ya duka. Alilala korokoroni. Mwaka 2024, mji huo ulikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wakakatazwa kumkamata mtu kwa sababu ya jibu la mashine peke yake. Yeye alikuwa na mawakili. Mtu aliyekamatwa ku kizuizi cha barabarani mashariki mwa Kongo hana mara nyingi msaada huo.

Hatari ya pekee mahali pa vita

Si kila jicho la juu ni baya. Desemba 2013, MONUSCO ilirusha Goma ndege zake zisizo na rubani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Mei 2014, moja ya zile ndege iliona mtumbwi unazama ku ziwa Kivu, wakatuma waokoaji, na watu zaidi ya 10 walitolewa wakiwa hai.

Lakini katika eneo ambako utawala unaweza kugeuka kwa usiku mmoja, kuna swali linalokuja mbele ya mengine: orodha ya sura na vidole ikibaki nyuma, inaangukia mikononi mwa nani? Afghanistan iliona jambo hilo Agosti 2021. Taliban walipochukua inchi, mitambo ya kusoma vidole na macho, ambayo ilitumiwa na jeshi la Marekani kutambua pia Waafghani waliofanya nao kazi, iliripotiwa kuangukia mikononi mwao. Watu walianza kuogopa vidole vyao wenyewe. Neno la siri mtu anaweza kubadilisha. Kadi anaweza kuchoma. Sura na vidole haviachwi nyumbani.

Kwa hiyo ofisi ao shirika lolote linalochukua picha za wakimbizi wa ndani ili kugawa chakula, ao za wapiga kura, linapaswa kuchukua kile tu kinachohitajika, kukiweka mbali na mahali pa mapigano, na kuwa na mpango wa kukifuta kazi ikiisha.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri. Tarehe 13 Machi 2023, Kongo ilipata pia sheria yake ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, ambayo inaweka masharti ya kulinda habari za mtu. Kwa maneno mepesi, anayechukua habari za mtu anapaswa kuwa na sababu inayojulikana, na mwenye habari ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kisahihishwe. Sheria hiyo inataka pia kuwe na mamlaka ya kusimamia ulinzi huo.

Sheria ku karatasi na sheria ku gishe ni mambo mawili. Lakini mtu anayejua kwamba haki ipo anaongea kwa sauti ingine kuliko anayefikiri anaomba msaada.

Mambo ya kuuliza na ya kufanya

Wakati mtumishi anapiga picha ao anachukua vidole, mkaaji anaweza kuuliza kwa heshima, bila ugomvi: picha hii ni ya kazi gani? Itapelekwa kwa nani mwingine? Itakaa muda gani? Kama vidole vyangu havisomeki, kuna njia ingine?

Kama orodha za wapiga kura zimebandikwa, inafaa kwenda kusoma jina lako, na kumsomea mzee wa jirani lake. Kosa linasahihishwa rahisi mbele ya siku ya kura kuliko asubuhi yenyewe. Kadi ikianza kufifia, mtu ashike namba yake ku daftari pembeni, na aombe duplikata mapema.

Timu ya chanjo ikipita bila kuingia katika kijiji ao kambi, habari ipelekwe kwa RECO na kwa muganga mkubwa wa kituo cha afya, na kutaja mahali: karibu na mto gani, kanisa gani, nyumba ngapi. Ndiyo namna ramani inanyooka.

Na mtu akiambiwa kwamba amekamatwa kwa sababu kamera imemtambua, yeye ao familia waombe kuona ni nini kingine kinamshitaki: shahidi, kitu kilichokutwa, mahali alipokuwa siku ile. Alama ya mashine ni mwanzo wa kutafuta. Si hukumu.

Baada ya Mei 2021, picha za satelite zilionyesha mahali moto ulipita na nyumba zilizoungua. Kazi ya kwenda mlango kwa mlango na kuandika nani alikuwa anakaa pale ilifanywa na watu, kwa miguu, juu ya mawe yaliyokuwa bado moto.